Ubeti wa Jina

Spika za ukumbini zilianza kunguruma asubuhi ya Sikukuu ya Mashujaa kabla Tima hajamaliza kufagia chumba. Alikuwa hajatoka nje tangu Jumaa, mumewe, azikwe mwezi wa nane, na eda ilikuwa haijesha. Sokoni alikwenda binti yake, Sumeya. Maji aliteka Sumeya. Wanaume wasio maharimu zake walipokuja kutoa pole, alizungumza nao akiwa nyuma ya pazia lililotundikwa mlangoni pa chumba. Dirisha lake lilitazama uchochoro, na uchochoro ulitokea ukumbini, kwa hivyo dunia yote ya Timbwani ilimfikia kwa masikio.

Leo ilikuja na sauti ya msichana. Alikuwa akisema kwamba sikukuu hii hakuna hotuba, maana wakazi wamehutubiwa vya kutosha na mabomba bado ni makavu. Leo watu watasoma. Kumepangwa meza ya vitabu vya waandishi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, watu tunaopishana nao dukani tukiwauliza habari za watoto tusijue kwamba wameandika. Kila mwenye macho aje achague mmoja, amjue.

"Mashujaa wengine wanakaa nyuma ya nyumba yako," alisema, "na hujasoma hata mstari wao mmoja."

Tima akatabasamu peke yake. Yalikuwa maneno mazuri. Kisha msichana akasema atafungua na marehemu Jumaa Bakari, malenga wa Timbwani, katika utenzi wake wa maji, akaanza kughani:

*Na bomba limenyamaza,*
*ndoo tumezitandaza,*
*na usiku una giza,*
*maji tunayangojea.*

Ufagio ukamkaa Tima mkononi.

Ubeti huo aliutunga yeye, kwenye foleni ya maji nyuma ya msikiti, mwaka ule watu walipoanza kuoga kwa kopo. Akaubeba pamoja na ndoo, akafika nao nyumbani bila kumwaga. Jumaa hakusimama foleni ile hata siku moja. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja huko Changamwe, akirudi magharibi na kukuta pipa limejaa kama kwamba hujijaza. Baada ya chakula Tima alisuka ukili na kughani polepole, na Jumaa akaandika. Aliandika vizuri, haki yake apewe. Kisha alipeleka redioni, na utungo ukisomwa watu walimpigia simu kumpa hongera. Naye Tima ndiye aliyekuwa akilitia jina la mumewe kwenye ubeti wa mwisho, pale desturi inapomtaka mtunzi ajitaje. Hakuna aliyemshikia fimbo. Mwanzo ilikuwa haya tu: mwanamke wa nyumba ya watu jina lake litangazwe hewani kama la mnada? Haya ikawa mazoea, na mazoea yakawa ndiyo sheria ya nyumba.

Ukumbini makofi yalivuma. "Na tusimsahau mjane wake," sauti ikaongeza, "aliyemchemshia kahawa mshairi wetu alipokuwa akikesha na kalamu." Makofi tena, mengi zaidi.

Kahawa, kusema kweli, alichemsha Jumaa. Hilo ndilo lililokuwa fungu lake.

Sumeya alirudi kabla ya adhuhuri, buibui limeshika vumbi la ukumbini, mkononi ana kijitabu chembamba chenye picha ya baba yake aliyoipiga kwa ajili ya kitambulisho. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, na ami yake ndiye aliyemlipia karo tangu baba yake aanze kuugua. Aliketi mkekani kwa mama yake bila kuvua viatu, jambo ambalo Tima hakulikemea.

Alieleza kwamba meza ilijaa. Kulikuwa na mzee wa Miritini aliyeandika visa vya madereva wa malori, na mama mmoja wa Bamburi aliyeandika maisha ya wavunja mawe kwenye machimbo. Watu walikuwa wakishika vitabu vile na kuulizana kwa mshangao, huyu si yule wa kule kwetu? Lakini kitabu kilichokwisha kwanza mezani kilikuwa hiki.

"Mama, umesikia walivyosoma?"

"Sina masikio?"

Sumeya akafungua ukurasa wa mwisho wa utenzi, akasoma kwa sauti ya chini maandishi madogo yaliyokuwa hapo. Yalisema kwamba utenzi huu haukukamilika, kwa kuwa mauti yalimchukua mshairi akiwa katikati ya safari, na kwamba wahariri wanaendelea kutafuta karatasi zilizobaki.

"Watafute," Tima alisema. "Karatasi hazipo. Umekamilika, lakini humu." Akajigusa kipaji. "Niliumaliza baada ya arobaini. Mtu akifungiwa ndani afanye nini?"

Sumeya alikuwa amelelewa katika sauti ile. Alipokuwa mdogo alidhani kila mama huongea kwa vina akisuka. Akauliza lile moja lililokuwa la kuulizwa.

"Na ubeti wa jina?"

"Nimetia langu."

Sumeya alikifunga kile kijitabu, akakifungua, akakifunga tena. Hakusema kwamba ni vibaya wala kwamba ni vizuri. Alisema tu kwamba Ami Mahir yuko njiani, na kwamba amewaalika wale wa kitabu waje nyumbani baada ya alasiri.

Mahir, ndugu yake Jumaa, alifika na kilo mbili za sukari, akabisha hodi kwa adabu na kuketi sebuleni mkabala wa pazia. Hakuwa mtu mbaya. Misibani hukodi viti yeye, na Jumaa alipolazwa ni yeye aliyekesha kwenye benchi la hospitali. Aliuliza hali, akaambiwa alhamdulillahi. Akauliza kama sukari iliyopita ilitosha, akaambiwa ilitosha. Aliuliza hivyo kila mara, na kila mara Tima alihisi kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

Kisha akaingia katika shina la neno. Nyumba hii ni ya marehemu baba yao. Mafungu yamekwishapigwa hesabu na kadhi: la mjane lajulikana, la Sumeya lajulikana, lililobaki ni lake. Kuna mfanyabiashara wa mitungi ya gesi aliyeiona nyumba na kuitaka yote, abomoe vyumba vya mbele afanye bohari. Mahir alikuwa tayari kumuuzia eda ikisha, kila mtu achukue chake, na Tima arudi kwa nduguze Mtongwe. Lakini sasa wamekuja vijana hawa wa vitabu. Wanataka sebule iwe chumba cha kusomea, na jina la Jumaa liandikwe juu ya mlango.

"Nyumba ya malenga haiuzwi, shemeji," alisema. "Watu wangenitemea mate barabarani. Basi nimeamua, wewe na mtoto mtakaa. Sebule yao, vyumba vyenu. Watakuja leo kutafuta utenzi uliobaki. Upo?"

Tima aliutazama upindo wa pazia ulivyokuwa ukitikiswa na feni. Aliweza kuona ncha za viatu vya shemejiye, vimepigwa dawa vikang'aa.

"Upo. Lakini si wa Jumaa, shemeji. Wala huo mliouchapa si wake."

Viatu havikusogea. Uchochoroni kijana wa mkokoteni alipita akipigia kelele maji yake, na sauti yake ikaenda mpaka ikapotea.

"Nilikuwa nikilala chumba hicho cha pili nilipokuwa sijaoa," Mahir alisema hatimaye, pole sana. "Kuta za nyumba hii ni nyembamba. Wadhani sikuwa nasikia?"

Tima akashika mkeka kwa mikono miwili.

"Basi wajua."

"Najua. Na sasa nisikize. Ndugu yangu yuko kaburini, hawezi kujitetea. Ukisimama leo ukamwita mwizi mbele za watu, mimi sitakupinga, ulimi ni wako. Lakini hapo sitakuwa tena na nyumba ya malenga. Nitakuwa na nyumba tu. Na nyumba tu huuzwa."

Akanyanyuka. Alipofika mlangoni alimwita Sumeya, akamwambia kwamba muhula wa mwisho wa chuo asiwe na wasiwasi nao, kisha akamtuma anunue kaimati za wageni.

Wageni walikuwa wawili. Vivian, ambaye ndiye aliyekuwa akisema katika spika, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mgiriama wa Kisauni, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mwenziwe, Ngumbao, alibeba simu ya kurekodia. Ngumbao aliketi sebuleni na Mahir. Vivian, kwa kuwa ni mwanamke, alikaribishwa chumbani, akainama kuingia chini ya pazia, akasema shikamoo Mama, akaitikiwa marahaba, kisha akaketi chini bila kungoja kiti. Jambo hilo lilimpendeza Tima.

Alisema amekuja kwa unyenyekevu. Alisema amefundisha miaka kadhaa watoto wanaojua majina ya waandishi wa mbali na hawajui hata mmoja wa mtaani mwao, na alipousikia utenzi wa maji redioni alilia akiwa jikoni. Mama yake mwenyewe alibeba maji kwa kichwa mpaka akaota upara wa duara katikati ya nywele.

"Kuna ubeti mmoja unanisumbua, Mama. Ule wa ngata." Akaughani kwa kichwa, bila kitabu:

*Ngata yanila utosi,*
*mwendo hautaki kasi,*
*tone moja si rahisi*
*chini likipotelea.*

"Nimejiuliza sana," alisema, "mwanamume alijuaje kwamba ngata ya kutulizia ndoo kichwani huuma pale, katikati ya utosi, na si pembeni? Mume wangu nilimwuliza, hata neno lenyewe hakulijua."

Sebuleni Mahir alikohoa. "Malenga huyajua ya watu wote," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ndiyo maana akaitwa malenga."

"Kweli," Vivian akajibu, lakini macho yake hayakumwondokea Tima.

Sumeya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, bega moja chumbani na moja sebuleni, pazia limemgawa nusu kwa nusu. Tima aliona vikombe vinatetemeka. Akajiambia kwamba ni uzito wa sinia.

Vivian akauliza kama kweli karatasi hazikupatikana. Tima akasema hazikuwahi kuwapo, ila utenzi uliobaki anao kwa moyo. Vivian akashika kifua kwa furaha. Ngumbao akaisukuma simu chini ya pazia, imewashwa, ikalala mkekani baina ya wanawake wawili kama mtoto mchanga. Tima akaitazama. Miaka yote maneno yake yalipita kwa mkono wa mtu mwingine kabla ya kufika popote. Leo hapakuwa na mkono.

Akaghani. Sauti ilianza na kutu, kwa kuwa katika eda hakuitumia ila kwa kuomba na kuagiza chumvi, kisha ikafunguka. Alighani wanawake wanavyolala foleni na watoto mgongoni. Alighani kijana anayeuza maji ya chumvi akiapa ni matamu, na mama anayemwogesha maiti wake kwa maji ya kuazima. Sebuleni kikombe kiliwekwa chini polepole. Hata feni ilionekana kupunguza mlio. Alipoukaribia mwisho aliona mbele yake njia mbili, na zote alizijua. Ubeti wenye jina la Jumaa aliweza kuutunga papo hapo. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi hiyo. Ungemkalia mdomoni bila kumkwaruza. Paa lingebaki juu ya kichwa chake, na mtoto angemaliza chuo.

Alivuta pumzi.

*Hapa ndipo nasimama,*
*mwenye kutunga ni Tima,*
*kwa ulimi na kalima,*
*si mwingine nawambia.*

Simu iliendelea kurekodi.

Vivian akamsogelea. Alimtazama usoni kama mtu anayetazama kisimani akijaribu kuona kama kuna maji. "Mama," aliuliza polepole, "nani ametunga utenzi huu?"

"Mimi."

"Wote?"

"Wote. Na mingine mliyoichapa."

Nyuma ya pazia Mahir alicheka, kicheko chepesi chenye huruma ndani yake, na kicheko hicho kilimwingia Tima kuliko tusi. "Mwaona ndugu yangu alivyokuwa?" alisema. "Utenzi mzima aliuvaa ulimi wa mwanamke. Ngata, ndoo, mtoto mgongoni. Angemalizaje kwa jina la mwanamume? Akavua lake akamvika mkewe. Na mkewe, maskini, ameushika mpaka umekuwa damu yake. Msimlaumu. Yuko kwenye eda. Kuna wajane hata huvaa kanzu za waume zao."

Ngumbao akatoa sauti ya mtu aliyeguswa. Vivian hakuguswa bado. Aligeuka kwa Sumeya, pale alipokuwa amekatwa nusu na pazia.

"Dada," alisema, "wewe umekulia humu ndani. Niambie wewe, na nitakaloambiwa ndilo nitakaloandika. Ni nani?"

Tima hakumtazama binti yake. Aliogopa jicho lake lisije likamwomba au likamlazimisha. Alitazama sinia. Vikombe vilikuwa vimeacha kutetemeka.

"Ni Baba," Sumeya alisema. "Baba alimpenda sana Mama."

Vivian akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na ile shaka ilikuwa imeondoka. Mtu aliweza kuona jinsi alivyofurahi kuondokewa nayo. Alisema hajapata kusikia mshairi aliyekabidhi jina lake kwa mkewe katika ubeti wa mwisho. Alisema hii itasomwa jioni hii hii ukumbini kabla watu hawajatawanyika. Akaushika mkono wa Tima akaubusu, akamwomba msamaha kwa kumsumbua na maswali akiwa na msiba, na kumshukuru kwa kuutunza utenzi wa marehemu bila kupoteza hata neno. Kaimati hawakuzimaliza. Mahir aliwasindikiza, na sauti yake ilisikika uchochoroni akiwaonyesha mahali ambapo maandishi ya mlangoni yangekaa vizuri.

Sumeya aliweka sinia chini. Akapiga magoti karibu na mkeka, mbali kidogo, umbali wa mtu asiyejua kama atakaribishwa.

"Mama, ningesema nini? Twende Mtongwe tukalale sebuleni kwa watu? Nimebakiwa na muhula mmoja." Alikuwa akilia bila sauti, kama walivyozoea kulia wanawake wa nyumba ile yenye kuta nyembamba. "Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo nikitaka kusema wewe."

"Najua."

"Nilaani, basi. Nipige. Sema kitu."

Tima alimwangalia mtoto wake wa pekee, akaona ana umri uleule aliokuwa nao yeye alipoingia katika nyumba hii. Alitafuta hasira ndani yake akaikuta, lakini haikuwa na uso wa Sumeya.

"Nikulaani kwa lipi?" alisema. "Watu waliponiuliza nani atunga, kila mara nilisema ni baba yako. Hata ulipokuwa mtoto, ukiniuliza wewe, nilikwambia hivyohivyo. Umejibu nilivyokufunza."

Sumeya akaweka kichwa pajani pake. Tima akamwacha alie hapo. Mkono wake aliuweka juu ya nywele za mwanawe, haukubembeleza wala haukuondoka.

Karibu na magharibi spika zilinguruma tena. Vivian alieleza, huku sauti ikimkatika, kwamba leo katika kuwatafuta waandishi wetu tumegundua jambo ambalo halimo katika kitabu, na akausoma ubeti wa mwisho. Umati ukaguna kwa mahaba. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Ukasomwa mara ya pili, na mara ya tatu watu waliuitikia wote pamoja, mpaka jina la Tima likapanda juu ya mabati ya Timbwani, likaenda likarudi.

Kisha sherehe ikavunjika. Watoto walipita uchochoroni wakikimbilia kwao kabla ya adhana, wakiughani ubeti ule kwa kupokezana, wakigonga kuta kwa viganja kupata mapigo. *Mwenye kutunga ni Tima.* Walipofika chini ya dirisha mmoja wao, mdogo kwa sauti, alisimama akauliza huyo Tima ni nani.

"Hujui?" mwenziwe akamjibu, tayari akikimbia. "Ni mke wa mshairi."